Penzi Limekufa, Kobe Kabaki!

Mimi mzima, ila mgongo tu unanisumbua. Jana nimebeba ndoo kumi na mbili za maji, na wala si za kuoga mimi. Ni za kobe! Usicheke, kaa kitako nikupe mkasa wenyewe.

Miaka minne iliyopita nilikuwa na mchumba. Jina simtaji, maana sasa hivi ni mke wa mtu na mimi sitaki kesi. Kaka yake alikuwa anafuata mali Dubai, basi safari moja akarudi na kopo la plastiki lenye kamnazi ka plastiki katikati. Ndani yake kulikuwa na kobe wa majini, kijani kibichi, ana alama nyekundu nyuma ya kila jicho. Mdogo kama sarafu ya shilingi mia tano, ndiyo maana tukamwita Jero. Bibie akanikabidhi siku ya bethidei yangu, akaniambia, "Mtunze kama unavyonitunza mimi." Moyo ukalainika kama siagi juani.

Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Sikuuliza kama kaka mtu alikuwa na kibali, na kumvusha mnyama hai mpakani kinyemela ni kosa la sheria. Wala sikuuliza, huyu kiumbe akikua anakuwa wa ukubwa gani? Nilijiona nimepata pambo la sebuleni.

Kosa la pili: Jero nilimuweka kwenye bakuli la kioo juu ya kabati, nikawa namlisha wali na makombo ya chapati. Baada ya miezi mitatu macho yakavimba hadi yakafunga, gamba ukiligusa linabonyea. Bibie akaangua kilio. Nikamtia Jero kwenye beseni, mbio kwa daktari wa mifugo.

Yule mzee akavua miwani, akamtazama Jero, akanitazama na mimi. "Kijana, mimi nimezoea ng'ombe na kuku," akasema. Lakini akamtibu, tena akanipa darasa la saa nzima. Na wewe shika, huenda likakufaa.

Kwanza, jua. Kobe huyu gamba lake linajengwa na miale ya jua, na miale hiyo karibu yote inazuiwa na kioo. Kwa hiyo kumuweka dirishani ni kazi bure. Lazima apate jua lenyewe, na awe na jiwe au ubao mkavu wa kupanda ajianike. Lakini ole wako umuache kwenye chombo kidogo juani bila kivuli, utamkuta supu! Wazungu wananunua taa maalumu za kazi hiyo. Sisi wa Dar jua tunalo la bure, na maji yetu yana joto la kumtosha.

Pili, chakula. Akiwa mdogo anapenda zaidi nyama, yaani visamaki na wadudu. Akikua anahamia zaidi kwenye majani. Wali na chapati achana navyo. Halafu anamezea majini tu, nchi kavu chakula hakishuki. Ndiyo maana maji yanachafuka haraka, usipokuwa na filta unabadilisha kila mara. Maji ya bomba yenye dawa yaache yakae siku nzima ndiyo umtie.

Tatu, nafasi. Wafugaji wanahesabu lita 40 za maji kwa kila inchi moja ya gamba. Jero wangu leo ana inchi 8, ukubwa wa sahani ya wali. Piga hesabu: lita 320, pipa moja na nusu! Mimi nina chumba kimoja cha kupanga Sinza, kitanda chenyewe nusu kipo mlangoni.

Nikatafuta tangi kubwa la kioo, mshahara wa miezi miwili ukapotelea humo. Umeme ukikatika, filta inazima, chumba kinanuka kama feri jioni. Bibie akaanza kukaa mlangoni tu. Siku moja akasema, "Mimi au Jero." Nikamkumbusha nani kaniletea. Akala kona. Sisemi ni kobe aliyelivunja penzi letu, yalikuwepo na mengine, lakini yeye alikuwa shahidi wa yote.

Halafu likaja lililoniogopesha kweli. Dada yangu alikuja na mwanawe wa miaka miwili. Mtoto kamchezea Jero, vidole vikaenda mdomoni. Siku ya tatu homa na kuharisha, mtoto macho yameingia ndani. Hospitali swali likawa, "Nyumbani mna mnyama gani?" Nilipotaja kobe, daktari akatikisa kichwa. Kobe hawa wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela na wao wenyewe wasiumwe. Huko Marekani tangu mwaka 1975 ni marufuku kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4 kama mnyama wa kufugwa nyumbani, sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Daktari hakusema kwa hakika kuwa ni Jero, na mtoto alipona, namshukuru Mungu. Ila mimi ndiye niliyekuwa naoshea tangi kwenye karo la kuoshea vyombo. Dada hakunisemesha wiki mbili, na alikuwa na haki. Siku hizi kila nikimgusa Jero nanawa kwa sabuni, na vyombo vyake ni vyake.

Mama mwenye nyumba zikamfikia. Akaja mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mwanangu, mwisho wa mwezi nataka chumba changu au nimkute kobe hayupo."

Washikaji kijiweni wakaniambia, "Wewe unahangaika nini? Kamtupe Msimbazi, ni kobe wa maji, atajijua." Nikaona wazo la maana. Jioni nikamtia kwenye ndoo, nikapanda daladala hadi Jangwani, nikasimama darajani. Jero kanyoosha shingo, ananitazama akidhani naenda kumlisha.

Hapo nikamkumbuka mzee wa mifugo. Alinionya kuwa hawa asili yao ni bonde la mto Mississippi, Marekani, na kwamba wapo kwenye ile orodha ya viumbe wavamizi 100 wabaya zaidi duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilipovuma katuni za kobe maninja, watoto wa Uingereza waliwanunua kwa fujo. Kobe walipokua, wakamwagwa mabwawani. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kuwaingiza. Na sisi tuna kobe wetu wa mabwawani, wale wanaoficha kichwa kwa kukunja shingo pembeni. Jero akiachiwa, atawanyang'anya chakula na mahali pa kuota jua. Na kama ana ugonjwa, anawaachia.

Wahenga walisema ukiona kobe juu ya mti, ujue kapandishwa. Ukiona kobe wa Mississippi yuko Jangwani, ujue kaletwa. Na aliyemleta ndiye wa kumtunza, si mto. Nikageuza na ndoo yangu. Konda akanitoza nauli ya mizigo.

Basi mwisho wa mwezi sikumtoa Jero, nilijitoa mimi. Nimehamia Chanika. Ni mbali na kila kitu, lakini kodi nafuu na uwani nimeruhusiwa kujenga kibwawa cha saruji, chenye jiwe la kuotea jua, kivuli upande mmoja na wavu juu ili watoto na paka wasifike. Kazini naamka saa kumi alfajiri. Na Jero nimemgundua kuwa ni jike: dume angekuwa na makucha marefu ya mbele.

Sasa msomaji wangu, wakija na kakobe ka kijani ndani ya kopo, kazuri kama kidani, kumbuka haka kanaweza kuishi miaka 20 hadi 30, hata zaidi. Mimi nina miaka 26. Nikifikisha 50, bado nitakuwa nachota maji! Uchumba wangu haukufika hata miaka miwili.

Juzi bibie kapiga simu, eti ananisalimia. Mwisho akauliza, "Jero hajambo?" Nikamwambia hajambo, kanenepa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Asante." Akakata simu. Nikaenda zangu kuchota maji.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!