Laptopu Ikiingia Virusi, Msimhukumu Binti



Leo mishono tunaiweka pembeni. Kuna jambo limetuchosha na tutalisema wazi, atakayeudhika atusamehe. Laptopu ya mtoto wa kiume ikiharibika, watu husema mashine imeingia virusi. Ya mtoto wa kike ikiharibika, husema binti ameingia shetani. Halafu mashine hiyohiyo, yenye picha zake zote za nyumbani bila ya mtandio, hubebwa na kupelekwa kwa fundi asiyejulikana, ikalala huko siku tatu. Yaani aibu isiyokuwepo tunaitafuta kwa tochi, na sitara iliyopo tunaitupa barabarani.

Tunasema kwa sababu limetokea kwetu. Mtoto wa ami yetu anasoma chuo. Laptopu yake ilianza kuwa nzito, kisha yakawa yanaruka matangazo machafu kila akifungua intaneti. Ami akayaona. Hakuuliza, alihukumu: chuo basi, arudi nyumbani, atafutiwe mume. Sisi tukamwendea kwa adabu, tukamwambia, "Ami, shikamoo. Kabla ya kumfungia mtoto, tupe mashine tuitazame."

Alama zilikuwa wazi. Ukurasa wa mwanzo wa brauza ulikuwa umejibadilisha wenyewe, na ukiurudisha unageuka tena. Matangazo yalitokea hata kwenye kurasa ambazo kwenye simu zetu hazina tangazo hata moja. Na fleshi yake ilikuwa na mafaili yaliyogeuka shotikati. Virusi vya namna hii huyaficha mafaili yako ya kweli na kuweka shotikati mahali pake, na ukibofya unavipa ruhusa viingie. Vinatoka wapi? Kwenye steshenari! Mwanafunzi anachomeka fleshi kwenye kompyuta iliyochomekwa fleshi za watu mia, anachapisha kazi ya mwalimu, anarudi na mgeni nyumbani. Hakuna uchafu alioutafuta. Alitafuta karatasi nne za kazi ya skuli.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa la fundi. Kabla ya kutufikia sisi, mashine ilikuwa imeshapelekwa kwa kijana mmoja akaipiga Windows. Baada ya wiki tatu ugonjwa ukarudi. Kumbe Windows aliyoiweka ilikuwa ya wizi, imefunguliwa kwa programu ya kuvunjia leseni. Programu hizo ndizo mlango mmojawapo mkubwa wa virusi, kwa sababu ili zifanye kazi hukutaka kwanza uzime kinga ya kompyuta. Ni sawa na kumwambia mwizi aje akutengenezee kitasa.

Na hapa ndipo panapotuuma sisi wenye biashara. Laptopu ile ilinunuliwa na Windows yake halali ndani. Mashine nyingi zilizouzwa na Windows kuanzia Windows 8 zina ufunguo wa leseni umehifadhiwa kwenye ubao wa kompyuta yenyewe. Kwa hiyo ami alishailipia. Fundi akaondoa haki ya ami, akapachika ya wizi, na akachukua ujira juu yake. Mteja akileta kitambaa chake cha hariri, ukakibadilisha na cha plastiki kisha ukamtoza na mshono, utaitwa nani?

Wapo watakaosema programu si mali, hapana dhambi kunakili. Taasisi ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa ilikaa Kuwait mwaka 1988 ikaamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni mali inayotambulika kisheria na haijuzu kuzivamia. Wanaharakati wa "kila kitu bure" wakajadiliane na maulamaa, si na sisi.

Turudi kwenye picha. Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za wenzetu mpaka tubishe hodi na kutoa salamu. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya na inakataza kuchunguzana. Tazameni, aya moja inawahusu wote wawili: baba anayedhani bila ushahidi, na fundi anayefungua mafaili yasiyomhusu. Na Surat An-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Laptopu ya mwanamke ni chumba chake. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa kuwa ni kosa. Hatusemi mafundi wote ni waovu, wapo wacha Mungu. Tunasema usimtie mtu kwenye mtihani kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe sebuleni.

Maana kazi yenyewe ni hii. Kwanza, chomeka chaja, maana umeme ukikatika na betri ikiisha katikati ya kazi, utalia. Pili, hifadhi unachokihitaji: picha, barua, kazi za chuo. Programu usihifadhi hata moja, hasa zile zinazoishia na exe, kwani humo ndimo virusi hujificha. Hakikisha pia neno la siri la akaunti yako unalikumbuka.

Tatu, ikiwa Windows ya kiwandani bado ipo, ingia Settings, tafuta Recovery, bofya Reset this PC. Utaulizwa: ubakishe mafaili au ufute yote? Kwa mashine iliyoingia virusi sisi tunasema futa yote, maana umeshahifadhi. Kisha utaulizwa Windows mpya itoke wapi. Cloud download huipakua upya kutoka Microsoft, na hula bando la GB 4 au zaidi. Local reinstall hutumia mafaili yaliyomo ndani, haili bando, lakini mafaili hayo yenyewe yanaweza kuwa yameharibika. Mashine ikikataa kuwaka vizuri, shikilia Shift huku ukibofya Restart, utafika palepale.

Nne, ikiwa fundi ameshapachika ya wizi, kama ilivyokuwa kwetu, Reset haitoshi. Tafuta kompyuta safi, ingia tovuti ya Microsoft yenyewe, pakua kifaa chao cha kutengenezea Windows, bure, na ukiweke kwenye fleshi ya GB 8. Fleshi hiyo itafutwa yote, basi chukua isiyo na kitu. Ukisakinisha kwa fleshi hiyo na kufuta kila kilichokuwemo, mashine itausoma ufunguo wake wa asili na kujifungua wenyewe. Ya kwetu ilijifungua, alhamdulillah, bila ya kumlipa mtu.

Tano, ukimaliza badilisha maneno ya siri yote ya barua pepe na mitandao, maana kuna virusi kazi yao ni kunakili kila unachoandika. Kinga iliyomo ndani ya Windows, Microsoft Defender, iache ikiwa imewashwa, nayo ni bure. Fleshi za steshenari zikague kabla ya kuzifungua, au tuma kazi yako kwa barua pepe na fleshi ibaki nyumbani.

Tutaambiwa, "Haya si ya wanawake." Nani alisema? Mwanamke anayekata gauni la harusi bila ya karatasi ya kuchorea, akaunganisha mikono na kola kwa macho, atashindwa kusoma maswali matano kwenye kioo? Tutaambiwa pia, "Kiraka kinatosha, weka antivirus tu." Mara nyingine inatosha, hatukatai. Lakini nguo iliyoliwa na mende kila mahali hutiwi kiraka juu ya kiraka. Unaifumua, unaanza na kitambaa kizima.

Na kuna kisichorudi. Kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani kunaondoa virusi, lakini picha ulizozifuta bila ya kuzihifadhi hazirudi, na jina la binti lililochafuliwa mbele ya jamaa halina kitufe cha Reset. Virusi huondoka jioni moja. Maneno ya ami na shangazi hukaa miaka.

Kwa hiyo mama zetu, wifi zetu, baba zetu: laptopu ya binti ikianza kuonesha mambo, semeni kwanza, "Mashine inaumwa." Kaeni naye, yeye mwenyewe ashike kipanya, nyinyi mshike chai. Mkishindwa, mtafuteni mwanamke anayejua, na wapo wengi Unguja na Pemba. Ikibidi fundi wa nje, hifadhini na mfute picha kwanza, na mtoto akae palepale mpaka kazi iishe.

Allah atusitiri sisi na watoto wetu, na atuepushe na dhana mbaya. Aamin.