Mbalanga si Ukoma, Wala si Laana

Katika nchi ya majani chai, kutoka Kericho mpaka Sotik na Bomet, mkono wa mtu hutazamwa sana. Ndio unaochuma, ndio unaobeba majani hadi kwenye mizani, na ndio unaosalimia. Kwa hivyo mkono ukitokwa na mabaka meupe, habari huenea upesi, na mgonjwa huumizwa na maneno ya watu hali mabaka yenyewe hayaumi.

Neno la kwanza kusemwa ni ukoma. La pili ni laana. Yote mawili si kweli. Mbalanga, au barasi kama wengine waitavyo, haiambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, hugeuka ikaziua chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye kitanda kimoja, usipatwe na lolote. Baka la ukoma aghalabu hufa ganzi; la mbalanga husikia mguso kama ngozi nyingine. Na hata ukoma wenyewe siku hizi unapona kwa dawa za hospitali. Duniani, yapata mtu 1 katika kila 100 ana mbalanga, wawe weusi au weupe.

Hata hivyo, kusema kwamba ugonjwa hauui si kusema kwamba haustahili kutibiwa. Zipo dawa za kupaka, na ipo mashine ya mwanga maalumu ambayo mgonjwa husimama mbele yake mara 2 au 3 kwa juma, kwa miezi mingi. Hapo ndipo shida inapoanza. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Siku asiyochuma hana kitu. Madaktari wa ngozi nchini ni wachache, na wengi wako Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Bomet. Ni nani atakayeacha mashamba mara 3 kwa juma, alipe nauli, na bado watoto wale?

Isitoshe, rangi hurudi kwa urahisi zaidi usoni kuliko vidoleni, na michubuko huweza kuleta mabaka mapya. Basi mchuma chai ana ugonjwa mahali pagumu kutibika, na kazi yake inazidi kupachubua. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu iitwayo ruxolitinib, ya kwanza nchini humo kwa kurudisha rangi ya mbalanga, lakini bei yake haifikiwi na mtu wa kibarua.

Ndiyo sababu wachuuzi wa sokoni hupata wateja. Wao huahidi kuponya kwa wiki mbili, bila safari. Wengine huuza krimu za kuchubua ngozi, zenye zebaki inayodhuru figo. Kumlaumu mnunuzi peke yake si haki, kwani ananunua matumaini yaliyo karibu na nyumbani.

Kuna watakaosema kwamba kaunti zina malaria na saratani za kushughulikia kwanza. Ni kweli, lakini mashine ya mwanga haihitaji chumba cha upasuaji. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuiendesha chini ya uangalizi wa daktari. Wagonjwa wakihudumiwa Kericho, au Longisa kule Bomet, safari ya siku nzima itakuwa ya saa chache. Makampuni ya chai nayo yawape wagonjwa kazi isiyochubua mikono, pamoja na kofia na mikono mirefu, kwa maana baka lisilo na rangi huungua upesi kwa jua, na Kericho iko karibu na ikweta ingawa ni nchi ya baridi na mvua.

Nawe msomaji, ukiona baka jeupe kwa mwanao, mpeleke hospitali mapema, kwani baka changa hutibika vyema kuliko la miaka mingi. Na ukiliona kwa jirani, mpe mkono.