Kucha si kazi ya wanawake peke yao

Watumikaji wenzangu, na ninyi mama wa kambi,

Juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi na miwani, mashauri tunayasikia kila wakati. Juu ya kucha, kimya. Mwanaume akiketi mbele ya nyumba kusafisha kucha zake, wenzake wanamcheka kwamba amekuwa mwanamke. Mimi naona kicheko hicho kinatuletea hasara.

Tazama vidole vya fundi wa mashini anapotoka kazini. Chini ya kucha mna grisi na vumbi la madini. Ni kwa mkono huo huo anamega bukari, anachovya katika mboga, anamlisha mtoto aliye juu ya magoti yake. Wengine wanaosha mikono kwa esansi. Ni kweli, inatoa grisi, lakini inatoa pia mafuta ya ngozi. Ngozi inakauka, inapasuka kando ya ukucha, na vumbi linapata njia. Sisi wa Kolwezi na Likasi tunaijua kobalti: wako watu ambao ngozi yao inaikataa, wanawashwa na kutoka vipele. Juu ya ngozi iliyopasuka taabu inazidi. Sabuni, maji ya vuguvugu na buloshi ndogo vinatosha, kisha vazelini kidogo. Na buloshi iwe ya mtu mmoja.

Sasa mama. Kale kangozi kembamba kwenye shina la ukucha hakakuwekwa bure. Kanaziba nafasi kati ya ukucha na nyama, kama mpira wa pompi unavyozuia maji. Ukikakata kwa wembe ili verni ikae vizuri, umetoa mpira: baada ya siku chache kidole kinavimba, kinapiga usiku kucha. Lowesha vidole katika maji ya vuguvugu, paka mafuta, sukuma kangozi polepole kwa kitambaa. Basi. Ziko dawa za chupa za kukayeyusha; ndani yake mara nyingi mna soda kali, ndugu ya ile ya kutengenezea sabuni. Ukisahau kuosha, inaunguza.

Vijana wanaopita mitaani na chupa za verni wanatafuta chakula cha watoto wao, sina neno nao. Lakini makasi yao yanatoka kwa mama huyu na kwenda kwa yule. Damu kidogo isiyoonekana inatosha kupeleka ugonjwa wa ini, epatiti B, na mdudu wake anaweza kukaa siku 7 nje ya mwili. Mpe kijana makasi yako mwenyewe.

Halafu disolva ya kutoa verni. Asetoni inawaka upesi kama esansi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, na mbabula iko wapi? Chini. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na makala ya moto, na chupa iwekwe juu, watoto wasiifikie.

Kidole kikiisha kuvimba na kuwa na usaha, msikitoboe kwa sindano ya nguo. Nendeni dispansere siku ile ile, zaidi sana yule mwenye ugonjwa wa sukari. Na verni itolewe kwanza, kwa sababu muganga anatazama pia rangi ya ukucha ili kujua kama damu imepungua.