Kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA): Deni Nalo Liingie Kwenye eTIMS

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,

Nawaandikia hesabu wachuuzi kadhaa wa mboga na matunda katika soko la Kongowea, Mombasa. Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba wafanyabiashara wadogo wameng'ang'ania ankara za karatasi kwa mazoea tu. Si kweli. Watu hawa wamezoea M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na hata fungu la mchicha wanalipwa kwa simu. Kitabu chenye karatasi ya kaboni kimebaki mkononi mwao kwa sababu kinashughulikia mambo mawili ambayo eTIMS, mfumo wako wa ankara za kielektroniki, haijayapatia njia nyepesi: mzigo unaopungua mlangoni, na deni.

Tuseme hoteli ya Diani imetoa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ya kilo 80 za nyanya. Mchuuzi anafunga mzigo alfajiri, anavuka Likoni, anafika stoo. Nyanya zinapimwa upya, zilizopondeka zinatengwa, zinabaki kilo 68. Kwenye kitabu, mwenye stoo anakata 80 na kuandika 68, wote wawili wanatia sahihi, kila mmoja anabaki na nakala yake. Kwenye eTIMS, ankara ikishatumwa haikatwi kwa kalamu. Ni lazima itolewe hati nyingine ya kuipunguza. Hilo ni sawa, maana ankara inayofutika haimlindi mtu. Lakini mchuuzi anayengojwa na dereva huogopa kukosea, basi anaandika ya karatasi kwanza, ile ya simu anaiacha hadi jioni. Jioni amechoka, na kesho kuna mzigo mwingine.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato ya mnunuzi. Naliunga mkono lengo la kanuni hiyo. Ankara bandia za kampuni hewa zimeipotezea nchi hii VAT nyingi. Hata hivyo, uzito wa kanuni umemwangukia mdogo. Hoteli haitaki hasara, kwa hiyo humwacha mama mboga na kumchukua msambazaji mwenye karani na kompyuta. Mmoja wa wachuuzi ninaowahudumia aliachwa hivyo na mteja aliyempelekea mzigo kwa miaka mingi. Marekebisho ya sheria ya Desemba 2024, yanayohusu mnunuzi kumwandikia ankara muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, yalikuwa hatua njema. Lakini mnunuzi mwenye foleni ya wauzaji mlangoni haoni kwa nini ajibebeshe kazi hiyo ikiwa msambazaji mmoja mkubwa atamwondolea usumbufu wote.

Wengine wanaikimbia eTIMS wakidhani kila ankara yake ni VAT ya asilimia 16. Maofisa wako waende sokoni wakawaeleze kwa Kiswahili kwamba asiyefikisha mauzo ya milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili kwa VAT, na kwamba msimbo wa eTIMS, *222#, unafanya kazi hata kwenye simu ya kawaida.

Linaloniuma zaidi ni deni. Wanunuzi wakubwa hulipa baada ya siku 60, wengine 90, na malimbikizo ya bili za serikali za kaunti kila Mkenya anayajua. Wakati huohuo, mchuuzi aliye kwenye kodi ya mauzo anatakiwa kulipa asilimia 3 ya mauzo ghafi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anatafuta pesa za kulipia kodi ya nyanya zilizokwisha kuliwa na wageni wa hoteli, ilhali yeye hajaona hata senti. Katika kitabu chake, ankara isiyolipwa imekunjwa pembe na anaiona kila anapokifungua. Katika simu imezama katikati ya zile zilizolipwa.

Ofisi yako inaweza kulitibu hili. eTIMS inamjua muuzaji, mnunuzi, kiasi na tarehe. Iongezewe sehemu ya mnunuzi kuthibitisha kilo alizopokea kabla ankara haijafungwa, na nyingine ya kuonyesha siku aliyolipa. Kisha sheria ibane pande zote mbili: kama gharama isiyo na ankara haikubaliwi, basi na ile ambayo muuzaji mdogo hajalipwa kwa wakati isikubaliwe mpaka alipwe. India iliweka kanuni ya aina hiyo kwa wazalishaji na watoa huduma wadogo, na muda wa kuwalipa hauzidi siku 45. Sioni kwa nini Kenya ishindwe, nasi tumeshajenga mfumo unaotangulia kuiona kila ankara.

Mheshimiwa, kabla ya kuongeza adhabu, watume maofisa wako Kongowea saa kumi alfajiri, mzigo unaposhuka. Waufuate hadi mlango wa stoo, wasimame hapo wakati wa kupima. Halafu mapendekezo haya mawili, la uzito uliopokelewa na la siku ya malipo, yapelekwe Hazina ya Taifa kabla ya Mswada wa Fedha ujao kuandikwa. Tunangoja jibu lako.