Pweza Watatu



Bamvua lililopita binti yangu alirudi pwani na pweza watatu. Wote kwa pamoja hawakujaza sahani. Nikamuuliza kwa nini hakuwaacha wakakua. Akanijibu kwa adabu, "Mama, nikiwaacha mimi, atawachukua mwingine." Sikuwa na jawabu, na nakiri kwamba jioni ile tuliwala, kwa tui la nazi.

Waliochunguza maisha ya kiumbe huyu wametuachia elimu inayofaa kusimuliwa jikoni. Pweza wa miambani huishi kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu. Huyatundika mayai ndani ya tundu, huyalinda na kuyapulizia maji bila ya kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Anayechokolewa kabla ya hapo haachi kizazi. Lakini pia hukua kwa kasi: mdogo aliyeachwa leo, baada ya miezi miwili au mitatu uzito wake huwa umeongezeka mara kadhaa.

Vitoto navyo havibaki pale vilipoanguliwa. Huelea majini kwa wiki kadhaa, na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Yamkini aliyelindwa katika tundu la Pemba akawa kitoweo cha nyumba moja kule Vanga au Shimoni, nchini Kenya, na sisi tukawala walioanguliwa Mafia. Serikali za ukanda huu zilikubaliana kuilinda bahari hii kwa pamoja katika Mkataba wa Nairobi wa 1985. Binti yangu, akiwa na mchokoo mkononi, hana habari na mkataba huo.

Njia iliyojaribiwa ni kufunga mwamba kwa muda. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004, na walipoufungua walipata pweza wakubwa kuliko waliowazoea. Hapa Pemba, Kisiwa Panza ni miongoni mwa walioifuata njia hiyo. Nisiipambe. Miezi ya kufunga ni mirefu kwa mama ambaye pweza ndiye unga wake na ndiye daftari za wanawe. Tena siku ya kufungua huja na wasiosubiri. Mwanamke anayekwenda kwa miguu, maji yakitoka, hukuta mpiga mbizi mwenye miwani na chombo keshapita. Kuyajua maisha ya pweza hakumalizi dhulma hiyo. Hapo panahitajika watu wakae, waandikiane nani amesubiri, na waliosubiri watangulie.

Hapo hunijia akilini Misali, kile kisiwa kidogo magharibi mwa Pemba ambacho wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala wake. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1998. Mwaka uliofuata ilifanyika semina iliyowakutanisha wavuvi, masheikh na walimu, akiwemo Fazlun Khalid kutoka Uingereza, na bahari ikazungumzwa kwa maneno ya amana, ukhalifa na israfu. Kanuni zilizokuwa zikisikika kama amri za ofisini zikasemwa kwa lugha ambayo kila mmoja wao aliisoma chuoni tangu utotoni. Naiona hiyo kuwa kazi kubwa kuliko mabango mengi niliyoyaona yakichakaa madikoni.

Ila nina neno. Katika mikutano niliyohudhuria mimi, wanaoalikwa ni "wavuvi", na masikioni mwa wengi mvuvi ni mwanamume mwenye chombo. Mama na binti wanaoyajua matundu moja baada ya jingine huletewa habari nyumbani, wakikumbukwa. Mtafiti anayetaka kujua jike hutaga wapi na mwezi gani angeanza kwao.

Bamvua lijalo, inshaallah, binti yangu atakwenda tena. Safari hii atachukua daftari na kijiti nilichokikata alama za kupimia. Ataandika kila pweza atakayemwona, ukubwa wake na tundu lilipo, hata yule asiyemtoa. Wenzake wawili wameomba wafuatane naye. Kuhusu kuwaacha wadogo, mimi na yeye bado tunabishana.