Dozi moja si ya kubahatisha

Ukitaka kuelewa dozi moja ya chanjo ya HPV, anza na kiini. Kingamwili hazielei kwenye damu tu. Nyingine hukaa juu ya seli B, yaani seli za kinga zinazozitengeneza, na ndizo zinazomtambua adui. Ganda la kirusi cha HPV limepangika kama punje kwenye gunzi. Chanjo huiga ganda hilo, ikazigusa kingamwili nyingi za seli moja kwa mpigo, nayo seli huamka kwa nguvu na kuacha kinga ya miaka, hata kwa dozi moja. Utafiti uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu, ukachapishwa 2022, ulionyesha dozi moja ikizuia aina za HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5 baada ya miezi 18. Kina mama wa Karatina na Othaya mnaositasita (minong'ono tunaisikia hadi kanisani), wapelekeni mabinti wa miaka 10 wachanjwe.