Mwenye Nyumba Akiambiwa "La", Aambiwe na Sababu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaousoma Mji wa Kale wa Lamu vitabuni huona picha ya mlango wa nakshi tukasema, "Lo! Uzuri ulioje!" Anayelala nyuma ya mlango huo pengine anatazama dari inayovuja na boriti zilizoliwa na mchwa. Akitaka kubadilisha kitu chochote upande wa nje, sharti kwanza apeleke ombi likaguliwe. Je, hiyo ni haki au ni uonevu?

Katika mjadala wa chama chetu wenzangu wengi walisema ni uonevu. Mimi nasema ukaguzi ni wa haki, ila haki hiyo ina masharti yake, na masharti hayo yanamhusu anayekagua kuliko anayekaguliwa.

Hebu kwanza tufahamu mambo yalivyo. Ofisi ya uhifadhi ilifunguliwa Lamu mwaka wa 1986, na mwaka wa 1991 ikaundwa tume ya mipango ya kuangalia ujenzi katika mji huo. Mwaka wa 2001 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kisha ikaja Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka wa 2006. Kwa hivyo, mtu hawezi tu kuamka asubuhi akaongeza ghorofa, akapanua dirisha au akang'oa mlango wa nakshi na kutia wa chuma.

Sasa mtu ataniuliza, "Nyumba ni yangu, nimeirithi kwa babu yangu. Wewe wa ofisini wahusika vipi?" Swali zuri. Hata Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 40, inalinda haki ya kumiliki mali. Lakini tuzitazame nyumba zenyewe. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikashikanishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti, ambao aghalabu haufiki mita 3. Ukuta wa namna hiyo hufyonza unyevu na kuutoa. Ukija wewe na simiti yako ukaupaka nje, unyevu hukosa njia, chumvi hula jiwe ndani kwa ndani, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza. Nje unaona ukuta mpya unang'aa, kumbe ndani kuna mgonjwa!

Fauka ya hayo, nyumba za Lamu zimebanana. Vichochoro ni vyembamba hata mizigo ya ujenzi hubebwa na punda. Ukipandisha ghorofa juu ya kuta za matumbawe, unaziongezea uzito ambao hazikujengewa. Pia unamzibia jirani upepo na mwanga, tena unachungulia ndani ya ua wake, jambo ambalo waliozijenga nyumba hizo walijitahidi sana kuliepuka. Na baraza je? Baraza imejengwa kwa fedha za mwenye nyumba, lakini hukaliwa na mtaa mzima. Ndiyo maana nasema kuwa upande wa ndani ni wa mwenyewe, bali upande wa nje jirani naye ana fungu lake. Mtu akitaka kuubadilisha, si kosa kuulizwa.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema, "Sheria ni sheria, basi." Chokaa ina gharama. Mafundi wa nakshi na wa kuta za matumbawe si wengi. Boriti nazo, mwaka wa 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, mikoko ya Lamu iliguswa pia, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa baadaye. Mtu mwenye pesa zake huajiri msanifu akamchorea mchoro mzuri, na ombi lake likapita. Mama mjane mwenye kibanda sokoni atampata wapi msanifu? Yeye anajua tu kuwa mvua inaingia na kuwa mabati ni rahisi kuliko kazi ya zamani. Akiambiwa "La", halafu asiambiwe afanye nini badala yake, atabaki na njia mbili: aiache nyumba ibomoke pole pole, au aiuze.

Njia zote mbili tumeshaziona. Kule Shela, kijiji jirani katika kisiwa hicho hicho cha Lamu, nyumba nyingi za kale zimenunuliwa na wageni na wenye hoteli. Zimerekebishwa vizuri, sikatai. Ila watoto wa waliozaliwa humo wanakaa kwingine. Ukuta umehifadhiwa, na waliokuwa wakikaa barazani wamehama. Kuhusu kubomoka, tukumbuke Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883. Lilikuwa mali ya serikali, tena ndani ya Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka wa 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu 2 wakafariki. Ikiwa jumba kama hilo, lenye serikali nyuma yake, lilianguka, itakuwaje nyumba ya mtu asiye na kitu?

Kwa hivyo, nina mapendekezo matatu. Kwanza, jibu litoke haraka na kwa maandishi. Hili si ombi langu tu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa na watawala kwa haraka na kwa haki, na akiathirika apewe sababu kwa maandishi. Afisa anayesema "Rudi wiki ijayo" mara kumi amevunja jambo kubwa kuliko yule aliyepaka simiti.

Pili, kanuni ziandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, pamoja na michoro, zibandikwe mahali watu wapitapo. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ni ajabu iliyoje, daka, baraza, boriti na zidaka ni maneno yetu, kisha mwenye daka asomewe sheria ya daka kwa Kiingereza cha mawakili!

Tatu, kila "La" ifuatwe na msaada. Akatazwe simiti, aonyeshwe chokaa inapatikana wapi na fundi ni nani. Uwepo mfuko mdogo wa kuwakopesha au kuwapunguzia gharama wasiojiweza. Kama mji ni urithi wa dunia nzima, si haki gharama ya paa ibebwe na mama mmoja. Na mizani iwe moja: asikatazwe maskini dirisha huku tajiri akiruhusiwa ghorofa.

Najua wengine watasema fedha haziko. Huenda ni kweli. Lakini jibu la haraka, karatasi ya Kiswahili na maneno ya heshima havihitaji mamilioni. Tuanze na hivyo.

Wenzangu, si Lamu peke yake. Mji wa Kale wa Mombasa nao una ofisi yake ya uhifadhi, na miji mingine itafuata. Baadhi yetu tutakuwa wasanifu, wengine maafisa wa kaunti wenye muhuri mkononi. Siku hiyo mtu ataingia ofisini na karatasi iliyokunjwa, akiomba kutengeneza ukuta wa nyumba aliyozaliwa. Mpe kiti, usome ombi lake mpaka mwisho, kisha nenda naye ukauone huo ukuta kabla ya kugonga muhuri.